Sura ya Nne: Uru, Pau na Gego la Tembo

Mzee alilivuta lile jiwe kutoka chini ya kitanda, akalifungua kwenye kipande cha kanga kuukuu, akaliweka mezani taratibu kama anayelaza mtoto. Tulikuwa nyumbani kwake Kasulu. Amepasua kokoto tangu ujana wake, na mawe ya milima ile anayajua kwa mlio wa nyundo tu.

"Haya, mwanangu," akasema. "Wewe uliyesomea mambo ya mifupa ya kale, hili ni jino la nini?"

Lilikuwa na ukubwa wa mkate, jekundu lililokoza, na mgongoni lilikuwa na matuta madogo tisa yaliyokwenda sambamba, yote yameachana kwa nafasi ileile. Mtu yeyote aliyewahi kuona gego la tembo angeshtuka. Nami nilishtuka. Kwa muda wa pumzi mbili tatu niliamini kwamba mzee amepata kitu ambacho hakuna aliyekitarajia katika nyanda zile za juu.

Kisha nikaligeuza. Upande uliovunjika ulikuwa na chembe za mchanga mtupu, moja moja, unaweza kuzihisi kwa ncha ya kidole. Matuta yalifika ukingoni yakakatika. Hakuna tuta lililopinda kurudi lilikotoka, wala hakukuwa na ganda linalong'aa. Vilikuwa viwimbi vya mchanga. Simama ufukweni Kigoma, mahali maji ya Ziwa Tanganyika yanapokufika kifundoni, uangalie chini: utaviona vikitengenezwa wakati huohuo, safu kwa safu. Vya kwenye jiwe la mzee vilitengenezwa vivyo hivyo na maji ya kina kifupi, vikafunikwa kabla havijavurugwa, vikageuka mwamba.

Sikuona raha kumwambia. Nilimwambia hata hivyo, na nikamwambia pia jambo ambalo naliona kubwa kuliko jino: kwamba jiwe lake limeutangulia ukoo mzima wa tembo. Mawe mekundu ya Manyovu na yale ya mchanga yanayoshika vilima vya Kasulu ni ya enzi ambayo dunia haikuwa na mnyama yeyote mwenye jino la kutafunia. Mawe meusi ya volkano ya Gagwe, ambayo ni ya kundi hilohilo la miamba, yana umri wa karibu miaka milioni 800. Mnyama wa kwanza anayejulikana katika ukoo wa tembo ni Eritherium wa Morocco, aliyetambuliwa mwaka 2009 na Emmanuel Gheerbrant kutokana na vipande vya taya na meno. Aliishi miaka milioni 60 hivi iliyopita na uzito wake ulikuwa kilo tano au sita, mnyama wa kubebwa kwapani. Kumtafuta tembo ndani ya mwamba wa Kasulu ni kumtafuta mjukuu katika picha iliyopigwa kabla babu hajazaliwa.

Mzee alinyamaza. Akapitisha kiganja juu ya viwimbi vyake. "Basi jino lenyewe likoje?" akauliza. "Nikiliona nitalijuaje?"

Sura hii ni jibu langu kwake, refu kuliko nililompa siku ile.

*

Gego la tembo nililiona mara ya kwanza Kibondo, nikiwa darasa la tano. Askari wa wanyamapori walilileta shuleni kwa siku moja kutufundisha, kisha wakaondoka nalo. Lilikuwa limetoka upande wa Pori la Akiba la Moyowosi, kwenye mbuga za maji ambazo Mto Malagarasi na Muyovozi huzitandaza kila masika. Eneo hilo oevu la kilomita za mraba 32,500 ndilo la kwanza la Tanzania kuandikishwa katika Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Sisi watoto hatukujua hayo. Tulijua tu kwamba huko ndiko waliko inzovu, kama wanavyowaita wazee wetu Waha, na kwamba kitu kile mezani hakikufanana na jino la kiumbe chochote.

Mwalimu alituita mmoja mmoja tuweke mkono. Juu palikuwa na mikwaruzo iliyokwenda mapana, mitaro na kingo, kama ubao wa kufulia. Kingo zilikuwa nyeupe na kali kidogo, mitaro ikiwa ya rangi ya samli. "Hesabuni," mwalimu akasema. Tulihesabu tukapata namba tofauti, kwa sababu wengine walihesabu kingo na wengine mitaro. Mwalimu hakutukemea. Alichukua chaki akachora juu ya meza umbo moja refu jembamba lililojifunga pande zote. "Ukingo huu na ukingo ule ni kitu kimoja," akasema. "Vinakutana huku mwisho. Hesabuni vitanzi."

Mengi niliyosomea baadaye kuhusu meno ya tembo, mbegu yake ilikuwa katika lile neno, kitanzi.

Gego la tembo limejengwa kwa mabamba yaliyosimama wima, yamepangwa mbele na nyuma kama vitabu kwenye rafu. Kila bamba ni mfuko bapa. Ganda la mfuko ni enameli, ile sehemu ngumu nyeupe ambayo hata sisi tunayo juu ya meno yetu. Ndani ya mfuko mna dentini, laini kidogo kuliko enameli. Katikati ya bamba na bamba kumejazwa simenti ya jino, nayo ni laini zaidi. Tembo anapotafuna, vile vilaini huchakaa upesi na enameli hubaki imeinuka. Ndiyo maana gego halipotezi ukali: linajinoa kadiri linavyoliwa. Mfuko ukikatwa juu na uchakavu, ukingo wake huonekana kama kitanzi. Kiwimbi cha mchanga hakijifungi namna hiyo. Hapo ndipo jiwe la mzee liliposhindwa mtihani, kabla hata ya kutaja umri.

Lugha yetu imetuchanganya kidogo kuhusu mnyama huyu. Tunasema pembe za ndovu, na wafanyabiashara waliozipitisha Ujiji kuelekea pwani katika karne ya 19 walikuwa na jina hata la pembe ndogo, kalasha. Lakini pembe ya ndovu si pembe kama ya ng'ombe. Ni jino la mbele lililotoka nje ya mdomo, na karibu lote ni dentini. Ukilikata mapana na kulisugua likang'aa, utaona mistari myembamba iliyopishana kama ukili. Karibu na ukingo wa nje, pembe ya tembo wa leo huonyesha mistari iliyopishana kwa upana, kwa wastani zaidi ya nyuzi 115. Ya mamothi, yule tembo wa nchi za barafu, hupishana kwa wembamba, kwa wastani chini ya nyuzi 90. Wakaguzi wa bandarini hutumia kipimo hicho kumnasa anayeuza pembe mpya kwa jina la pembe ya kale.

Dunia nzima ilitamani hayo meno ya mbele na kumwaga damu kwa ajili yake. Magego yalitupwa porini. Ajabu yake ni kwamba historia ya ukoo huu imeandikwa zaidi kwenye kile kilichotupwa.

Maishani mwake tembo hupata magego sita kila upande wa kila taya, jumla 24, lakini hayaoti yote pamoja. Gego jipya huanzia nyuma na kulisukuma la zamani mbele, nalo la zamani humeguka kidogo kidogo na kudondoka, kama foleni ya watu dirishani. La sita hutumika kikamilifu tembo akiwa na miaka 40 hivi, na likiisha, karibu na miaka 60, hakuna la saba. Kwa hiyo kila tembo huacha vipande vya meno nyuma yake akiwa bado hai. Na enameli, ambayo asilimia 96 ya uzito wake ni madini, hudumu mahali ambapo mifupa imeshakuwa vumbi. Anayetafuta wahenga wa tembo hukutana kwanza na vipande vya enameli vya ukubwa wa kucha, vya ukubwa wa kiberiti, mara chache cha ukubwa wa kiganja. Fuvu zima ni bahati ya mtu mmoja katika kizazi.

*

Tuseme basi umeokota kipande chenye uso wa kutafunia. Uanzie wapi?

Mimi huanzia kwenye karata. Anayecheza karata chini ya mwembe anayajua maumbo manne, na mawili kati yake yanafaa sana hapa: uru na pau.

Uru ni alama ya tembo wa Afrika. Vitanzi vya gego lake vimetanuka katikati na kuchongoka ncha mbili, umbo la uru lililovutwa upande kwa upande. Wataalamu wakampa jina Loxodonta, jino lililoinama, kwa sababu ya umbo hilo. Tembo wa Asia vitanzi vyake ni vyembamba, kingo zimekwenda karibu sambamba na zimejikunja mikunjo midogo kama ukingo wa mandazi yaliyobanwa kwa uma. Gego la mwisho la tembo wetu lina mabamba kama 10 hadi 14. La Mwasia hufika 24 na pengine kuzidi, na la mamothi mwenye manyoya mara nyingi huvuka 20. Georges Cuvier, akiwa kijana huko Paris mwaka 1796, aliweka magego na mataya ya hawa watatu pamoja akaonyesha kwamba ni wanyama mbalimbali, na kwamba mmoja wao hayupo tena popote duniani. Kabla ya hapo wasomi wengi hawakukubali kwamba mnyama anaweza kutoweka kabisa. Fikra hiyo nzito iliingia duniani kupitia kuhesabu mistari kwenye jino, na ndiyo maana namheshimu sana mwalimu wangu wa darasa la tano.

Pau ni ya ukoo wa kale zaidi. Wale walioitwa gomfotheri hawakuwa na mabamba. Walikuwa na vilima vya enameli, viwili viwili, na kilima kikichakaa kilitoa alama ya majani matatu, pau yenyewe. Mmoja wao, Anancus, anatambulika hata na anayeanza, kwa sababu vilima vyake havikai sambamba. Cha kushoto kimetangulia, cha kulia kimebaki nyuma, kisha tena cha kushoto, kama nyayo za mtu aliyepita kwenye tope. Nimeonyesha picha ya gego la Anancus kwa watoto wa shule na neno la kwanza lililowatoka lilikuwa "nyayo".

Lakini pau ina mtego. Kiboko naye hutoa pau! Magego yake yakichakaa huonyesha alama hiyohiyo, na viboko ni wengi mno katika mashapo ya kale ya maziwa. Hapo usitazame umbo peke yake, pima. Gego la kiboko hukaa ndani ya kiganja na vilima vyake ni vinne. La mwisho la Anancus lina jozi tano au sita za vilima na linajaza viganja viwili.

Kisha yupo Stegodon. Jina lake maana yake ni jino-paa, na aliyelibuni alikuwa na jicho zuri. Matuta yake ni mafupi, yamekwenda upande hadi upande kama mikunjo ya bati la nyumba. Aina moja ilipewa jina la Kaiso, upande wa Uganda wa Ziwa Albert. Deinotherium naye aliishi kivyake kabisa: meno yake mengi yana matuta mawili tu, marefu na makali, na bonde tupu katikati, kama matuta mawili ya viazi. Pembe zake zilitoka taya la chini zikapinda kuelekea ardhini. Wa mwanzo katika Afrika Mashariki alipatikana Karungu, mwambao wa Ziwa Viktoria, akaandikwa mwaka 1911 kwa jina la ofisa wa kikoloni, Hobley. Wa mwisho aliishi Olduvai na Laetoli, mnyama mkubwa kuliko tembo yeyote wa leo, mwenye meno ambayo kwa mamilioni ya miaka karibu hayakubadilika.

Ukikosa uso wa kutafunia, umebaki na ukuta wa enameli mtupu, bado una la kufanya. Tazama ukingo uliovunjika, upime unene kwa vernia mahali patatu. Enameli ya wale wa mwanzo katika ukoo wa tembo wa kweli ilikuwa nene, ikikaribia nusu sentimita au kupita. Ya wale waliokuja baadaye ilipungua unene huku mabamba yakiongezeka na kurefuka kwenda juu. Palaeoloxodon recki wa Olduvai, aliyepewa jina la Hans Reck aliyechimba pale mwaka 1913, anaonyesha mwendo huo kwa uwazi hivi kwamba gego lake linaweza kutumika kama kalenda. Tazama pia kama kuna mabaki ya simenti kwenye uso wa nje, ile rojo iliyokauka inayojaza mabonde. Deinotherium hakuwa nayo. Na ukuta ulionyooka bapa si sawa na ukuta uliopinda kama kigae cha chungu: wa kwanza umetoka kwenye bamba, wa pili kwenye kilima.

*

Anayepanda basi Kibondo kwenda Dodoma au Dar es Salaam hupita Kakonko, hufika Nyakanazi, hupinda kulia. Ushirombo, Masumbwe, Kahama, Isaka. Kisha Tinde. Pale basi husimama, watu hununua karanga na maji, wengine hawaamki kabisa. Baada ya Tinde barabara hushuka kuelekea Nzega na kuvuka daraja la Mto Manonga, mpaka wa Shinyanga na Tabora. Ni uwanda mweupe, wa ng'ombe na mpunga, usio na kilima cha kukukumbusha kutazama nje.

Nimeipita njia hiyo mara nyingi nimelala. Inaniuma, kwa sababu Bonde la Manonga ni moja ya mahali ambapo tembo wa mwanzo kabisa wamepatikana Tanzania.

Visukuku vya huko vilianza kujulikana tangu enzi ya Tanganyika ya Waingereza. Mapema miaka ya 1990 Terry Harrison wa Chuo Kikuu cha New York aliongoza msafara uliolitembea bonde kwa miguu, korongo kwa korongo, Ibole, Tinde, Kiloleli, Inolelo, Ngofila, Shoshamagai. Kitabu chao kilitoka mwaka 1997, na meno ya jamii ya tembo yaliandikwa na William Sanders, ambaye amesoma magego ya wanyama hawa kuliko karibu mtu yeyote aliye hai. Walikuta ziwa. Kati ya miaka milioni 5.5 na 4 iliyopita uwanda ule ulikuwa na ziwa pana la kina kifupi, lenye samaki, kasa, mamba, na viboko bila idadi. Kandokando yake walipita wanyama wawili wanaotuhusu: Anancus, yule wa nyayo, na Primelephas, ambaye jina lake lina maana ya tembo wa kwanza.

Wengine wangemtanguliza Deinotherium kwa ukubwa wake. Mimi nampenda Primelephas kuliko wote. Gego lake la mwisho lina mabamba saba au nane tu. Ni mafupi, manene, yameachana, na enameli yake ni nene. Ukiliweka kando ya gego la tembo wa Moyowosi unaona jambo lilelile likianza kufanyika: vilima viwili viwili vimeungana kuwa bamba, bamba limefunga kitanzi, lakini bado halijasimama. Ni kama fundi aliyeshika muundo lakini hajapata kuuinua.

Mashapo ya Manonga hayana majivu ya volkano ya kutosha kupimiwa umri kama ilivyo Laetoli au Turkana. Umri wake ulipatikana kwa kulinganisha wanyama wake na wale wa sehemu zenye tarehe zilizopimwa, na tembo na nguruwe ndio mashahidi wakubwa katika kazi hiyo. Kwa maneno mengine, kipande cha gego kilichookotwa kwenye korongo karibu na Tinde ndicho kinachotuambia tuko mwaka gani. Ukikitambua vibaya umeikosea kalenda ya bonde zima, na kila samaki na kila kiboko aliyelala tabaka hilo amepewa umri wa uongo. Hili ndilo linalonifanya niwe mkali na wanafunzi wanaotamka jina kabla ya kupima.

Kuna swali ambalo meno ya wakati huo yalilijibu kwa namna ambayo hadi leo inanisisimua. Gego refu lenye mabamba mengi ni chombo cha kulia nyasi. Nyasi zina chembe ngumu ndani yake na vumbi juu yake, zinasaga jino upesi. Mtu angedhani meno yalibadilika, ndipo wanyama wakaanza kula nyasi. Enameli inasema kinyume. Nyasi za nchi za joto huchukua kaboni kutoka hewani kwa njia isiyofanana na ya miti na vichaka, na tofauti hiyo hubaki ndani ya enameli ya aliyezila, mamilioni ya miaka. Mwaka 1999 Thure Cerling, John Harris na Meave Leakey walionyesha kwa kipimo hicho kwamba jamii ya tembo wa Afrika Mashariki walikuwa walaji wakubwa wa nyasi kwa muda mrefu, ingawa tembo wa leo hutegemea sana miti na vichaka. Mwaka 2013 Adrian Lister wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya London aliweka chakula na umbo la meno kwenye mstari mmoja wa wakati. Nyasi zilianza kushika nafasi kwenye chakula miaka milioni 8 hivi iliyopita. Meno yalianza kurefuka kwa kasi karibu miaka milioni 5 iliyopita.

Hapo katikati kuna takriban miaka milioni tatu ya wanyama waliokula chakula ambacho meno yao hayakuwa yameumbiwa. Waliamua kwanza, mwili ukafuata baadaye sana. Na ziwa la Manonga limeangukia mwisho wa kipindi hicho, meno yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kuufuata mdomo. Ukishika kipande kinene cha enameli ya Primelephas umeshika jino la mnyama aliyekuwa akila mlo mpya kwa chombo cha zamani.

*

Nirudi kwa anayeokota. Kuna swali moja anapaswa kulijibu kabla hata ya uru na pau: je, jino hili ni jipya au la kale? Kwa mkazi wa Kibondo hili si swali la kitaaluma tu. Gego la tembo wa leo, hata liwe limekaa porini miaka 30, ni nyara ya Serikali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009. Kulihifadhi nyumbani bila kibali ni kosa, hata kama uliliokota na hukumgusa tembo. Kisukuku kiko chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayokataza kukichimba au kukitoa nchini bila leseni. Ofisi ni mbili tofauti, na makosa ni mawili tofauti.

Jino jipya ni la rangi ya maziwa au samli, dentini yake imepasuka nyufa za jua, simenti inabanduka kama rangi ya ukuta mbovu. La kale ni zito kuliko unavyotarajia. Madini ya ardhini yamelitia rangi ya kahawa, nyeusi, au kijivu chenye ubuluu. Ukiligonga kwa ukucha linalia kama kigae. Watu wa kazi hii wana jaribio la ulimi: kisukuku cha mfupa hunata ulimini kwa sababu kina vitundu, jiwe la kawaida halinati. Nimelifanya mara nyingi, lakini silipendekezi karibu na mabwawa ya mifugo.

Jambo la mwisho ndilo huharibiwa zaidi, na huharibiwa kwa nia njema. Mtu akiokota kitu kizuri hukiosha, hukisugua, hukipeleka nyumbani. Mahali kilipolala hapaoni tena. Mwaka 1976 huko Laetoli wageni wa kambi ya mtafiti Mary Leakey walikuwa wakirushiana mavi makavu ya tembo, mchezo tu wa jioni, na mmoja wao, Andrew Hill, akaanguka akikwepa na macho yake yakatua kwenye alama zilizokuwa katika majivu yaliyoganda. Zilikuwa nyayo za wanyama, na msako ulioanzia hapo ulileta baadaye nyayo za zamadamu za miaka milioni 3.66. Nyayo hazibebeki, na huo ukawa wokovu wake. Jino linabebeka. Kwa hiyo liache. Weka kalamu au sarafu pembeni, piga picha ya karibu, kisha rudi nyuma hatua kumi upige ya korongo zima. Andika siku na jina la mahali kama wenyeji wanavyopaita.

Haya ya mwisho nilimwambia mzee siku ileile, nikiwa na haraka ya kuwahi gari, na sikudhani yangebaki.

Miezi kadhaa baadaye simu ililia. Mjukuu wake, kijana anayefanya kazi upande wa Kibondo, alikuwa amenitumia picha nne. Katika ya kwanza palikuwa na kalamu ya bluu juu ya udongo mweusi wa kingo za mto, na kando yake kipande kilichotokeza nusu. Ya pili ilikuwa ya karibu. Ya tatu na ya nne zilikuwa za mto, moja kwa kila upande. Chini ameandika jina la mahali, siku, na maneno haya: "Shikamoo. Babu amesema nisiguse. Nimehesabu vitanzi sita, halafu kimevunjika. Katikati vimenenepa. Ni uru?"

Zilikuwa uru, sita, safi kabisa, rangi ya samli, simenti ikibanduka. Tembo wa leo, wa jana labda. Nilimwambia aripoti kwa askari wa wanyamapori siku hiyohiyo, awaonyeshe mahali, asilibebe. Akafanya hivyo.

Jioni mzee mwenyewe alishika simu. Hakuuliza lolote kuhusu lile la Kibondo. Aliuliza juu ya yule wa Tinde, mwenye mabamba saba au nane: je, naye vitanzi vyake vilinenepa katikati, au uru ilikuwa bado haijafika?

Nikamwambia asubiri kidogo, nikaenda kuleta picha.